Bahari Iliyokaukia Karatasini

Msomaji wa Shaaban Robert hana haja ya kuelezwa Kusadikika iko wapi. Ni nchi iliyo angani, na mipaka yake ni pepo: kaskazi upande huu, kusi upande ule, matlai na umande pande mbili zilizobaki. Mwandishi hakuichorea ramani, wala sijapata kumsikia msomaji aliyepotea humo kwa kukosa ramani. Kitabu kilitoka mwaka 1951. Baada yake, katika miaka ya 1950, mshairi huyo huyo alikuwa mtumishi wa ofisi ya upimaji mjini Tanga. Naam, mtu aliyeipa nchi mipaka ya upepo alikula mshahara wa ofisi inayopima mipaka kwa minyororo na vigingi. Sijui kama kuna kinaya kitamu kuliko hicho katika fasihi yetu.

Wenzetu wa Ulaya wamezoea kuzichorea ramani nchi zao za kufikirika, na ramani hizo hubadilika toleo hata toleo. Utopia ya Thomas More ilitoka mwaka 1516 ikiwa na mchoro wa kisiwa. Ilipopigwa chapa upya huko Basel mwaka 1518, Ambrosius Holbein alikichora kisiwa kile upya, na merikebu ikasogezwa mbele ya macho ya msomaji. Robert Louis Stevenson aliianza hadithi tunayoijua kwa jina la Kisiwa chenye Hazina kwa kuchora ramani. Ramani ile ilipotea, akalazimika kuchora nyingine kwa kuyafuata maneno aliyokwisha kuyaandika. Ramani ya dunia ya Tolkien ya mwaka 1954 ilichorwa na mwanawe Christopher, naye akaichora tena mwaka 1980 kwa kitabu kingine cha baba yake, akiongeza majina na kurekebisha mengine. Mashabiki wa vitabu hivyo huzilinganisha ramani hizo mlima kwa mlima. Hawadhuriki kwa lolote, kwani katika nchi zile hakuna mtu atakayelala na njaa kwa sababu mto umehamishwa.

Lakini iko nchi moja ya kufikirika iliyochorwa na kuchorwa tena, na ndani yake wamo watu wenye kula na kulala. Nchi hiyo ni yetu sisi.

Toleo la kwanza ninaloweza kulieleza lilitoka London. Mwaka 1845 bwana mmoja aitwaye William Desborough Cooley, ambaye hakupata kuikanyaga bara yetu, alitangaza jiografia ya ziwa moja refu aliloliita N'yassi. Aliyajua kwa kusoma vitabu vya Wareno na kwa kuwahoji watu, mmojawapo akiwa Mswahili Khamis bin Uthman, aliyekuwa London katika miaka ya 1830. Ziwa la Cooley lilikuwa Nyasa na Tanganyika zilizounganishwa kichwa na mkia.

Toleo la pili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Wamisionari Krapf, Rebmann na Erhardt walikuwa na kituo Rabai, nyuma ya Mombasa. Mwaka 1854 Erhardt alikaa Tanga miezi kadhaa akiwasikiliza wafanyabiashara wa misafara. Wale wa njia ya kaskazini walimwambia kwamba mwisho wa safari ni maji makubwa. Wale wa njia ya kati, iendayo Ujiji, wakasema vivyo hivyo. Wale wa Kilwa nao wakataja maji. Yeye na mwenzake Rebmann wakakata shauri kwamba kama kila njia inaishia majini, basi maji yale ni mamoja. Ramani yao ikatoka Ujerumani mwaka 1855, na mwaka uliofuata ikasambaa zaidi. Katikati ya bara ilitanda bahari moja ya kutisha, iliyopinda kama konokono asiye na gamba. Mabingwa wa London walicheka, na jina la konokono likaganda hata leo.

Mimi si mjiografia. Ni mshairi niliyejifundisha kufasiri kwa kamusi na taa ya kandili hapa Same, na ramani ile huisoma kama mfasiri asomavyo kazi ya mfasiri mwenzake. Msafiri akisema kwa Kiswahili, "Tulifika ziwani," lugha haimlazimishi aeleze kama ziwa hilo ni lile lile alilolitaja mwenzake jana, au ni jingine. Lugha nyingi za Ulaya zina vijineno vya kutangulia jina, na kila mara vinamtaka mfasiri achague: ziwa fulani tu, au ziwa lile tulijualo. Tena nyasa na nyanza ni maneno yaliyo ndugu, na katika lugha za bara kila moja maana yake ni maji makubwa. Mtu akikuuliza jina la maji na wewe ukamjibu "maji makubwa", hujamdanganya. Aandikapo jibu lako kuwa jina, kisha akalikuta jina hilo hilo kwa mtu wa njia nyingine, bahari imezaliwa. Wafanyabiashara wa Tanga walisema kweli, kila mmoja kwa njia yake. Bahari ilizaliwa katika tafsiri.

Matoleo yaliyofuata yalikuja upesi. Mwaka 1857 Burton na Speke walitumwa kuitafuta bahari ile. Februari 1858 wakaifikia Tanganyika. Agosti mwaka huo huo Speke, akiongozwa na Sidi Mubarak Bombay na wenzake, akaiona Nyanza upande wa kusini, akaibandika jina la malkia wake. Septemba 1859 Livingstone akaifikia Nyasa. Konokono akawa amekatwa vipande vitatu. Kisha Burton aligombana na Speke, na mwaka 1864 alitoa hoja kwamba Nyanza yenyewe si ziwa moja bali ni mkusanyiko wa maziwa. Wachora ramani wengine wakamfuata, wakaimega. Ikambidi Stanley aizunguke kwa mashua mwaka 1875 ndipo Nyanza irudi kuwa moja. Hesabu mwenyewe, msomaji: katika miaka 30 maji yale yalikuwa ziwa refu, yakawa bahari, yakawa maziwa matatu, moja likavunjwa vipande, kisha vipande vikaungwa. Na wakati wote huo mvuvi wa Ukerewe alikuwa akitupa wavu wake pale pale.

Huku kwetu Upare tulikuwa kando ya hayo yote, ingawa misafara ya Pangani ilipanda kwa bonde la mto Ruvu, chini ya milima yetu, ikielekea Kilimanjaro. Kuhusu Kilimanjaro napo pana fundisho. Rebmann aliuona mlima ule mwaka 1848 akaandika kwamba una theluji. Cooley, aliyeamini ziwa lake refu, alikataa katakata theluji hiyo isiyomfaa, na ubishi haukwisha mpaka baron von der Decken alipoupanda mlima katika miaka ya 1861 na 1862. Maji yasiyokuwapo yalichorwa; theluji iliyokuwapo ilikanwa. Kutoka mabega ya milima yetu, asubuhi isiyo na mawingu, theluji hiyo huonekana kwa jicho tupu. Mtoto anayechunga mbuzi angeweza kuwa shahidi, kama angeulizwa.

Upare wenyewe ulianza kuchorwa kwa karibu zaidi mwishoni mwa karne ya 19. Oscar Baumann alipita huku, na kitabu chake juu ya Usambara na nchi jirani kikatoka mwaka 1891. Baadaye ikaja reli kutoka Tanga, ikafika Moshi mwaka 1911, na Same ikawa kituo. Tangu hapo kila utawala ulioshika nchi umekuja na ramani yake: ya wilaya, ya misitu, ya mbuga. Hifadhi ya Mkomazi, inayoanzia mlangoni mwa mji wetu, ilichorewa mipaka mwaka 1951. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wafugaji waliokuwa ndani ya mstari huo waliondolewa, na katika miaka ya 2000 mbuga ikawa Hifadhi ya Taifa. Mistari ya kalamu ina uzito huo.

Lakini nataka kusema juu ya maji, maana maji ndiyo niliyoanza nayo.

Asiyekaa Same hudhani kwamba milima yote ya Upare ni ya kijani. Juu, kwenye msitu wa Chome na kilele cha Shengena chenye mita 2,462, ukungu hautoki. Chini, upande wa magharibi, milima huizuia mvua, na ardhi hukauka kama ngozi iliyowambwa. Wazee wetu walilijibu jambo hili kwa ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la udongo lililochimbwa kwenye mteremko. Maji ya kijito huingia humo usiku kucha. Asubuhi kizibo hufunguliwa, maji yakashuka kwa mifereji kwenda mashambani, kila mwenye shamba kwa zamu yake. Mara nyingi ndiva huitwa kwa jina la ukoo au la mtu aliyeichimba. Ukienda bonde la Makanya, Vudee na Bangalala, utaziona. Zamu zake zina sheria, na sheria zina walinzi. Nimewahi kuona ndugu wawili wakinuniana msimu mzima kwa sababu ya zamu moja iliyopitishwa.

Miaka michache iliyopita wazee wa kijiji kimoja cha mteremkoni waliniita niwafasirie ripoti ya mradi wa maji. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza na ofisi moja ambayo sitaitaja, na ndani yake mlikuwa na ramani. Bomba lilionyeshwa kwa rangi ya buluu, likitoka kwenye kijito na kushuka moja kwa moja hadi mjini. Mteremko lilimopita ulipakwa rangi moja tu, na maelezo pembeni yalisema ni vichaka. Nikasoma na kufasiri ukurasa hata ukurasa. Nilipofika kwenye ramani, bibi mmoja, aliyepita miaka themanini kwa kumkadiria, aliniinulia mkono.

"Mwanangu," akasema, "na ndiva yetu wameiandika kwa jina gani?"

"Mama," nikamjibu, "hawakuiandika."

"Wameiandika kwa Kiingereza pengine. Tazama tena."

Nikatazama tena kwa ajili ya heshima yake. Kazi ya mfasiri ni kuhamisha kilichosemwa, na hakuna kamusi inayomwambia afanye nini na kisichosemwa. Nikawaambia wazee, kwa Kiswahili kisicho na pambo, kwamba kwa mujibu wa karatasi ile hapa hawakai watu wenye maji. Walikaa kimya kidogo. Kisha mmoja akaanza kutaja majina, mwenzake akamsahihisha, na hadi jua linatua tulikuwa tumeandika kwa penseli, pembezoni mwa ramani, ndiva saba na mifereji yake, nani alichimba, na zamu ni za nani.

Karatasi ile ilirudishwa ofisini. Baada ya miezi mingi toleo la pili likaja. Bomba lilikuwa limesogezwa kidogo, na ndiva saba zilikuwa zimegeuka nukta tatu, bila majina. Wazee walishukuru kwa nukta. Mimi sikushukuru, nikawaandikia ubeti huu, ambao ulibandikwa kwenye mlango wa ghala la kijiji:

Bahari ya karatasi, haijamnywesha mtu,
Wala wimbi lake asi, halijafikia kwetu,
Ndiva ndogo ya kiasi, hulisha shamba na watu,
Usiipite kwa kasi, iandike jina letu.

Wako watakaosema kwamba nukta ni maendeleo, na kwamba toleo la tatu litakuwa bora. Huenda. Historia ya Nyanza inaonyesha kwamba ramani husahihishwa hatimaye. Lakini Nyanza haingeweza kukauka kwa kuchorwa vibaya. Ilikuwa kubwa mno kwa kalamu ya Cooley na Burton. Ndiva ni kitu kingine. Bomba likiyachukua maji ya kijito juu yake kwa misimu miwili, udongo wake hupasuka, kingo zake huporomoka, na mpimaji ajaye baadaye atakuta vichaka kweli, na ramani ya kwanza itakuwa imesema kweli baada ya kusema uongo. Hapo ndipo nchi yetu inapotofautiana na Utopia na Kusadikika. Kwa Tolkien ramani hurekebishwa ili ilingane na hadithi. Kwetu, tusipoangalia, ardhi ndiyo itakayorekebishwa ili ilingane na ramani.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu wa visiwani na wa pwani, ambao nahodha zao walizijua bahari kwa nyota na kwa majina ya pepo, wayaandike majina ya visima vyao, ya miamba yao na ya mikondo yao, kwa lugha ile ile wanayoyaitia, kabla mtu hajaja kuyauliza kwa haraka. Sisi huku tumeanza. Daftari la ndiva saba limekuwa la ndiva kumi na tisa, na vijiji viwili vya jirani vimeleta yao. Bibi yule hajui kusoma, lakini husimama nyuma yangu kila ninapoandika, akinitaka nimsomee kila jina kwa sauti kabla hajaniruhusu kwenda linalofuata.