Anayeijua PIN Yako

Watu wakisikia uhalifu wa mtandao huwaza matapeli wanaopiga simu kutoka mbali wakidai umeshinda bahati nasibu. Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Kitengela. Wanawake wanaoniwekea simu zao mezani, mara nyingi anayewaingilia ni mume, mpenzi wa zamani au binamu aliyewafungulia akaunti. Hakudukua chochote. PIN anaijua.

Mweka hazina mmoja wa chama alishangaa mumewe anajua kila mchango. Nilifungua WhatsApp yake, upande wa vifaa vilivyounganishwa, nikakuta kompyuta ya mume. Tukaiondoa. Lakini laini yenyewe imesajiliwa kwa kitambulisho cha mume. Akitaka, anaenda dukani, anasema imepotea, anapewa nyingine, na M-Pesa iliyomo inasoma jina lake. Mama akaniuliza ashtaki nini.

Halafu kuna picha za faragha. Msichana anayeshona nguo kwenye kiwanda cha EPZ, Athi River, alitishwa na kijana waliyeachana: rudi, au picha ziende kwenye kundi la kazini. Zikaenda. Kituoni aliulizwa kwanza, "Ulijipiga mwenyewe?" Nyuma yake kulikuwa na foleni ya watu waliopoteza vitambulisho, wote wanasikia. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 hakiulizi nani alipiga. Kinamshika aliyesambaza: faini isiyozidi shilingi 200,000, kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Nilikisoma kwa sauti palepale kaunta, ndipo tukapewa nambari ya OB, kitabu cha matukio cha polisi.

Kesi hizi hufia kwenye ushahidi. Wengi hufuta kila kitu usiku uleule kwa aibu. Aliyehifadhi anaenda kuchapisha picha hizo saiba, na kijana wa saiba naye anaziona. Mahakama inataka cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza nakala zilitolewaje kwenye simu. Simu yenyewe ikichukuliwa kuchunguzwa, mwenyewe anabaki bila M-Pesa na bila kujua zamu yake ya kesho. Kwenda Kajiado mjini kusikiliza kesi ni nauli, na ni siku isiyolipwa kiwandani.

Yule msichana hakufika huko. Familia mbili zilikaa, kijana akaomba msamaha, ndugu zake wakatoa pesa kidogo, malalamiko yakaondolewa. Baadaye mtu asiyemjua kabisa alimwandikia, akidai pesa, akiwa na picha zilezile.