Likoni, siku karatasi ya buluu ilipokosekana

Ukivuka kwa feri kutoka kisiwani Mombasa asubuhi na mapema, Likoni hukupokea kwa harufu ya mahamri na kelele za makanga wa matatu. Agosti 9, 2022 kelele zilipungua. Watu walielekea shule za msingi, maana madarasa ndiyo hugeuzwa vituo vya kura, na kufikia saa kumi na mbili foleni zilikuwa zimeshatoka langoni.

Katika shule niliyofika, foleni ilisimama ghafla. Kifaa cha kutambua alama za vidole kilikataa kumsoma babu mmoja mvuvi. Alifuta kidole kwenye kikoi, akajaribu tena na tena. Mikono iliyovuta kamba miaka mingi hulainika alama zake, na hilo si kosa lake.

Kisha likaja la pili. Kila mpiga kura alitarajia karatasi sita, akapewa tano. Ile ya buluu, ya gavana, haikuwepo. Siku moja kabla, IEBC ilikuwa imeahirisha kura hiyo Mombasa na Kakamega kwa sababu ya makosa kwenye karatasi. Mama aliyebeba mtoto mgongoni alizipata habari hizo akiwa pale pale foleni.

"Yaani nirudi tena? Na huyu nimwachie nani?"

"Mama, wewe pita mbele," karani akamwambia. "Hapa una mtoto."

Akapita, hakuna aliyenung'unika. Wajawazito, wanaonyonyesha, wazee na walemavu hupewa nafasi ya kwanza, lakini wengi huona haya kuiomba.

Kura ya gavana ilipigwa Agosti 29. Safari hii foleni zilikuwa fupi. Kwa mzazi anayelipwa kwa kutwa, kurudi ni nauli, kibarua kilichopotea na mtoto wa kutafutiwa mlezi.

Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027. Mzazi, beba maji ya kunywa, kofia na chakula cha mtoto. Anayetumia dawa za presha au kisukari asiziache nyumbani akidhani atarudi baada ya nusu saa. Vituo hufungwa saa kumi na moja jioni, ila ukiwa tayari kwenye foleni saa hiyo, una haki ya kupiga kura. Usikubali kurudishwa nyumbani.