Surua si Mlezi wa Watoto

Kuna neno linalozunguka katika mitaa yetu, na tumelisikia hata nje ya kanisa baada ya Misa. Wengine husema: "Mtoto asiyeugua utotoni ataugua pumu ukubwani. Mwacheni apate surua, ndipo mwili wake ujue kupigana." Na kwa ajili ya neno hilo wako mama wanaowaacha watoto nyumbani siku ya chanjo. Sisi wazazi hatuna budi kulipima neno hili, maana halikuzuka bure.

Lilitoka wapi? Mwaka 1989 mganga Mwingereza, David Strachan, alitazama habari za watoto 17,414 waliozaliwa Uingereza katika juma moja la mwezi wa tatu, mwaka 1958. Aliona kwamba wenye kaka na dada wengi waliowatangulia hawakusumbuliwa sana na ule ugonjwa wa kupiga chafya na kutoka machozi, maua yanapomwaga vumbi lake. Ugonjwa wa namna hiyo, yaani mwili kukikasirikia kitu kisicho na madhara, waganga huuita alerji. Strachan akadhani: labda wakubwa huwaletea wadogo mafua na magonjwa mengine, na kwa hayo mwili wa mdogo hupata kinga. Kwetu, ambako watoto wanane hulala katika vyumba viwili na kamasi ya mmoja ni kamasi ya wote, jambo hilo halikutushangaza sana.

Kisha mwaka 1996 ikatoka habari ya Guinea-Bissau, katika Afrika ya magharibi. Waganga waliwapima vijana kwa kuwachoma ngozi kidogo. Kati ya vijana 133 waliopata kuugua surua, 17 walikuwa na dalili ya alerji. Kati ya 129 waliochanjwa wasiugue, 33. Hapo wasemaji wetu hushangilia. Lakini sisi tunauliza: ni nani waliopimwa? Walipimwa waliopona. Mtoto aliyezikwa kwa surua hakuja kunyosha mkono wake mbele ya mganga. Hesabu ile haikumwandika, wala haikuweza kumwandika. Tena mwaka 2000, nchini Finland, watu zaidi ya 500,000 walipotazamwa, ilionekana kinyume: waliougua surua ndio waliokuwa na pumu na alerji zaidi.

Basi, kama si surua, ni kitu gani kinachowakinga watoto? Twende Marekani, kwa wakulima wa aina mbili, Waamish na Wahutterite. Hawa si wa Kanisa letu, lakini ni Wakristu wanaoshika sana desturi za wazee wao waliotoka Ulaya. Wote wana watoto wengi, mama zao hunyonyesha muda mrefu, na, tusikilize vizuri, wengi katika hao waliotazamwa waliwachanja watoto wao. Ila Waamish hulima kwa farasi, na zizi la ng'ombe liko karibu na nyumba, watoto huingia na kutoka. Wahutterite hulima kwa mashini kubwa, na mazizi yao yako mbali na watoto. Habari iliyotolewa mwaka 2016 ilisema hivi: kati ya watoto 100 wa Waamish, 5 wana pumu, kati ya 100 wa Wahutterite, 21. Waganga wakachukua vumbi la nyumba za Waamish, wakalitia puani mwa panya, na panya wale wakakingwa.

Kumbe kinga hiyo yaonekana kutoka kwa vijidudu vya zizi na vya udongo, ambavyo vingi havimwuguzi mtu. Surua si mmoja wa hao. Katika Kongo yetu, tangu mwanzo wa mwaka 2019 hadi Januari 2020, surua iliua watu zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wadogo. Anayesema surua ni mwalimu, na aende kwanza akasimame penye makaburi yale mafupi.

Wengine watatuuliza kama basi sabuni nayo imekuwa dhambi. Hapana. Maji machafu huleta kipindupindu, na kipindupindu hakifundishi mwili neno lolote la kufaa. Mikono ioshwe baada ya kutoka chooni na kabla ya kula. Lakini mtoto akimfuata mbuzi katika lupango, akicheza katika udongo wa shamba, akilala na ndugu zake kitanda kimoja, hatumpigii kelele. Na akitimiza miezi tisa tunampeleka kwa masista, kwenye dispensari, apate sindano yake ya surua, hata kama vumbi la mbuzi lingali miguuni pake.