Kompyuta Inayolala Lakini Haiamki

Wanachuo wenzangu, kabla ya kwenda BTP tunafundishwa kuandaa maazimio ya kazi, maandalio ya somo na zana za kufundishia. Hakuna anayekuambia kwamba ukifika tu shuleni, kwa sababu wewe ni kijana na umetoka chuo, utageuzwa pia fundi kompyuta.

Mimi nilipangiwa sekondari moja wilayani Butiama, masomo ya Kiswahili na Jiografia. Ofisi ya walimu ilikuwa na kompyuta moja ya mezani, ya mtumba, yenye Ubuntu, iliyowekwa na wanafunzi wa mazoezi waliotutangulia. Walimu waliitumia kwa zamu kuingiza alama na kuandika mitihani. Ofisi inategemea sola, kwa hiyo utaratibu ulikuwa huu: ukiitwa darasani usiizime wala usiiache inawaka, ilaze. Ukirudi, bonyeza kitufe uendelee ulipoishia.

Tatizo ni kwamba ilikuwa inalala vizuri, lakini ukiibonyeza haiamki. Inaanza upya kabisa, na vyote ambavyo hukuvihifadhi vimekwenda. Wiki yangu ya pili, Madam mmoja wa Kidato cha Pili alipoteza alama za mkondo mzima. Hakugombana na mtu. Alivuta droo, akatoa daftari lake kubwa, akasema, "Mwalimu, mimi narudi huku. Daftari halilali."

Walimu wengine walianza kumfuata. Mkuu wa shule naye alishafikia uamuzi: mashine ipelekwe Musoma, "hiyo Linux" ifutwe, iwekwe Windows kama wanavyotumia watu wote. Fedha ingetoka kwenye fungu lilelile la karatasi za mitihani. Nilimwomba wiki moja. Akanijibu, "Haya Mwalimu, Jumatatu ijayo unipe jibu."

Nieleze kidogo kinachotokea kompyuta inapolala. Usingizi wa kawaida unazima karibu kila kitu: prosesa, diski, feni, skrini. Kinachobaki na umeme ni RAM, maana kazi yako yote iko humo, na RAM ikikosa umeme inasahau kila kitu. Ukibonyeza kitufe, programu ya BIOS inaamka kwanza, kisha inairudishia Linux usukani. Kwa hiyo mashine ikianza upya, usukani umepotelea mahali fulani njiani. Swali ni wapi.

Jambo la kwanza nilitaka kujua kama kweli ilikuwa inaanza upya, au mtumiaji alikuwa anatolewa tu kwenye akaunti yake. Niliandika uptime. Ikajibu kwamba ina dakika mbili tangu iwashwe. Kumbe ni kweli, ilizaliwa upya.

Hatua ya pili, nilisoma kumbukumbu za mfumo za kabla haijajiwasha, kwa amri ya journalctl -b -1. Mstari wa mwisho ulikuwa "PM: suspend entry (deep)", yaani ninaingia kwenye usingizi mzito. Baada ya hapo kimya. Mashine inayoamka salama huandika pia "suspend exit". Hii yetu haikuandika. Lakini ukimya huo peke yake hautoshi kumhukumu mtu. Inawezekana Linux ilianguka wakati wa kuamka ikakosa nafasi ya kuandika, au haikuamshwa kabisa.

Hapo ndipo nilipofurahia kwamba usingizi uko wa aina mbili. Ukisoma faili la /sys/power/mem_sleep utaona s2idle na deep, na ile inayotumika imewekwa kwenye mabano. Huo wa s2idle ni kusinzia: Linux inatuliza vifaa vyote, lakini umeme haukatwi kama kwenye usingizi mzito. Nikabadilisha kwa amri moja:

echo s2idle | sudo tee /sys/power/mem_sleep

Nikailaza. Nikasubiri. Nikabonyeza. Ikaamka na faili langu likiwa wazi! Nikarudia mara tano, zote ikaamka.

Ningeweza kuishia hapo, na Mkuu angeridhika. Lakini kwenye kusinzia feni iliendelea kuzunguka, na betri ya sola ilikuwa inashuka mchana kweupe. Pia jaribio lile lilikuwa limeniambia kitu: Linux na draiva zake zinajua kulala na kuamka. Sasa nilikuwa na washukiwa wachache: BIOS, RAM zenyewe, au umeme unaozilisha RAM wakati wa usingizi mzito.

Nilirudisha deep, nikaanza kuwapima mmoja mmoja. Nilirejesha mipangilio ya BIOS ya kiwandani: bado. Nilichomoa RAM moja, nikaacha nyingine, kisha nikabadilishana: bado. Kila mara nilibadilisha kitu kimoja tu na kuandika matokeo kwenye karatasi, kwa sababu ukibadilisha vitatu kwa pamoja na mashine ikapona, hujui kilichoiponya.

Jumamosi nilifunga boksi la kompyuta kwenye bodaboda hadi Makutano, nikapanda gari ya Bunda. Fundi niliyemkuta ni mzee wa redio aliyehamia kwenye kompyuta. Nilimwamkia, nikampa ile karatasi. Aliisoma yote, akasema, "Dogo, umenipunguzia kazi. Lete mita."

Akanionyesha waya wa zambarau unaotoka kwenye pawa saplai. Huo ndio unaobeba volti 5 hata kompyuta ikiwa imezimwa au imelala, na kiwango kinaruhusu zishuke hadi 4.75. Tulipoilaza, mita ikaonyesha 4.3. Alifunga pawa saplai nyingine, akailaza mashine, tukanywa chai, tukaiamsha. Ikaamka kana kwamba hatukuondoka. Baadaye akaifungua ile ya zamani, kapasita zilikuwa zimevimba vichwa. Akanionya nisijaribu kuifungua mwenyewe, maana huhifadhi umeme hata ukiwa umechomoa waya.

Pawa saplai ya mtumba ilikuwa Sh. 20,000, na Mkuu alinirudishia. Windows ingekuja na kukuta waya uleule wa zambarau, na Madam angepoteza alama zilezile.

Nimelifikiria sana suala hili kama mwalimu mtarajiwa. Linux ilishtakiwa kwa sababu ndiyo ilikuwa ngeni. Darasani tunafanya hivyohivyo. Mwanafunzi analala na somo la jana, kesho anaamka hana kitu, nasi tunaandika "mzito" na kuendelea. Hatuulizi kama alilielewa lile somo kabisa, au alilielewa akakosa cha kumshikilia usiku: chakula, taa, daftari. Hayo ni matatizo mawili tofauti na dawa zake ni tofauti. Kwenye BTP nilianza kuuliza maswali mawili mwanzoni mwa kipindi, moja la jana na moja la juzi, ili nione pale panapokatika. Si dawa ya kila kitu, lakini ni bora kuliko kukisia.

Kuna jingine. Kumbukumbu za mashine ile zilikuwa wazi kwa yeyote, ila kwa Kiingereza cha mafundi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Maana yake kazi hiyo inawezekana, na ilishafanywa hapahapa nchini. Sisi tunaosomea ualimu wa Kiswahili tunatafuta mada za utafiti kila mwaka, tukilalamika zimeisha. Tafsiri ya ujumbe wa hitilafu haijaisha.

Jumatatu nilimpa Mkuu jibu lake pamoja na karatasi ya hatua zote kwa Kiswahili, tukaibandika ukutani juu ya kompyuta. Madam aliijaribu wiki nzima bila kusema lolote, daftari likiwa pembeni. Ijumaa aliingiza alama za mkondo A, akailaza, akaenda kipindi cha dakika 80. Aliporudi zilikuwepo. Alichukua kalamu, akaongeza mstari chini ya karatasi yangu: "Hata hivyo, hifadhi kwanza."