Mahali pa Kuangukia

Wenzangu wa visiwani hawahitaji kuelezwa habari za kutu. Mwenye nyumba ya ufukweni anajua jinsi bawaba inavyoliwa na upepo wa chumvi, na fundi wa majahazi anajua msumari upi wa kuuamini na upi wa kuukataa. Kwa hiyo nadhani ninyi, kuliko sisi tunaoishi huku bara chini ya Mlima Meru, mtayaelewa upesi yaliyotokea tarehe 24 Machi 2006. Siku hiyo kampuni binafsi ya Kimarekani, SpaceX, ilirusha roketi yake ya kwanza, Falcon 1, kutoka Omelek, kijisiwa cha Visiwa vya Marshall katika bahari ya Pasifiki. Iliwaka moto mara tu baada ya kupaa, ikaanguka kwenye matumbawe karibu na ilipoondokea. Setilaiti ndogo iliyobebwa ikatoboa paa la banda hapo hapo kisiwani. Uchunguzi ulionyesha kuwa nati moja ya bomba la mafuta ilikuwa imeliwa na hewa ya bahari. Mabingwa wote wale, na nati ndiyo iliyoamua!

Roketi ya pili ilipotea mwaka 2007, ya tatu Agosti 2008. Ya nne ikafika ilikokusudiwa tarehe 28 Septemba 2008. Lakini linalonivuta zaidi katika kisa hiki ni namna mipango ilivyobadilika njiani. Mwanzoni walitaka sehemu ya chini ya roketi irejee baharini kwa parachuti, iokotwe kama mvuvi aokotavyo boya lake. Katika safari mbili za Falcon 9 za mwaka 2010 sehemu hiyo ilivunjikavunjika ikirudi hewani, kabla parachuti hazijafunguka. Parachuti zikaachwa. Wakaamua roketi ijishushe yenyewe kwa injini zake na kutua kwa miguu. Januari 2015 ikaibamiza meli iliyotegwa kuipokea. Aprili ikagusa meli, ikapinduka. Na tarehe 21 Desemba mwaka huo huo ikasimama wima katika nchi kavu ya Florida. Mtunzi wa mashairi halishangai hilo. Kina kikikataa, huvunja ubeti mzima akaanza upya. Anayelazimisha neno husikika.

Jirani yangu hapa Ngaramtoni ni mzee wa Shaba, ile Katanga ya zamani. Alikuja Arusha kufanya kazi ya ukalimani katika Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, na mahakama ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015 yeye hakurudi kwao. Jioni moja tulikuwa tumekaa nje, Meru umejivua mawingu, mara tukaona taa zikipita juu ya bega la mlima, moja nyuma ya nyingine kama shanga uzini. Nikamweleza kuwa hizo ni setilaiti za Starlink, na kwamba roketi inayozipandisha hurudi, ikatengenezwa, ikapaa tena. Akanisikiliza hadi mwisho, kwa ile subira ya mtu aliyezoea kubeba maneno ya wengine.

“Ndugu yangu,” akasema, “kwetu roketi za kampuni zilikuja kabla ya hizo. Mimi nilikuwa mwanafunzi.”

Alikuwa akisema OTRAG. Kampuni hiyo ya Ujerumani Magharibi ilianzishwa na mhandisi Lutz Kayser katikati ya miaka ya 1970, na mwenyekiti wa bodi yake alikuwa Kurt Debus, aliyewahi kukiongoza kituo cha Kennedy huko Marekani. Serikali ya Mobutu iliikodisha eneo la kilomita za mraba 100,000 kaskazini mwa Shaba. Msomaji wa Unguja na apige hesabu: kisiwa chake kingeingia humo zaidi ya mara hamsini. Roketi yenyewe ilikuwa mabomba membamba yaliyofungwa pamoja kama tita la kuni, yenye mafuta na asidi ya nitriki, na vali zake ziliendeshwa na mota za wipa za magari. Wazo la kurudi halikuwamo kabisa. Roketi ilikusudiwa iwe rahisi kiasi cha kutupwa bila majuto.

Ya kwanza ilipaa tarehe 17 Mei 1977, ya pili tarehe 20 Mei 1978. Ya tatu ilirushwa tarehe 5 Juni 1978 mbele ya Mobutu mwenyewe, ikapinda, ikaanguka. Wasovieti na baadhi ya majirani wa Zaire walikuwa wakishuku kuwa makombora ndiyo yanayojaribiwa pale, na mwaka 1979 Mobutu akaisimamisha kazi hiyo. Kampuni ikahamia Libya, na roketi yake ya mwisho ikarushwa Kiruna, Sweden, mwaka 1983.

“Hatukuulizwa walipokuja,” mzee akasema, “wala hatukuulizwa walipoondoka.”

Tangu siku ile nimekuwa nikizipima kampuni hizi mbili kwa mizani nyingine. Ustadi SpaceX inao, wala sitaukanusha. Lakini kosa la Omelek lilikuwa na bahari ya kulimeza, na Desemba 2008, fedha zikiwa karibu kuisha, NASA iliipa kampuni mkataba wa dola bilioni 1.6. Hilo neno “binafsi” basi lichukuliwe kwa tahadhari. Ruhusa ya kukosea mara tatu, na ya nne ukasameheka, haigawiwi sawa.

Asubuhi ya tarehe 15 Aprili 2023 setilaiti ya Kenya, Taifa-1, ilipaa kutoka California kwa Falcon 9, baada ya kuahirishwa kwa ajili ya hali ya hewa. Nairobi walishangilia, na nilishangilia nami. Dakika chache baadaye ile sehemu ya chini ilirudi na kutua nchi kavu, tayari kwa mzigo wa mtu mwingine.

Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma, kipenyo chake kiasi cha mita 2.5 na uzito wake kiasi cha kilo 500, ilianguka kijijini Mukuku katika Kaunti ya Makueni. Shirika la Anga la Kenya lilisema, kwa tathmini ya awali, kuwa ni pete ya kutenganishia sehemu za roketi, ya aina ambayo kwa kawaida huungua hewani au huelekezwa mahali pasipo na watu, kama vile baharini. Hakuna aliyeumia. Nilimwonyesha mzee picha yake. Akaitazama sana, kisha akaniuliza kijiji kile kiko umbali gani na shule.