Ramani haina matope

Binamu yangu ni afisa wa jeshi. Tangu arudi kutoka kozi ya makamanda, neno lake ni moja tu: msuguano.

Amelitoa kwa Carl von Clausewitz, Mprusi aliyeingia jeshini akiwa na miaka 12. Mwaka 1806, jeshi lake lenye sifa lilivunjwa na Napoleon pale Jena na Auerstedt, naye akashikwa mateka. Mwaka 1818 akapewa kusimamia chuo cha vita, Berlin. Kufundisha hakupewa, basi akaandika. Hoja yake? Mpango ulionyooka kwenye karatasi hukwama njiani: mvua, uchovu, woga, habari za uongo. Na adui si sanamu. Yeye pia anapanga.

Sisi tuliyaona Oktoba 2011. Jeshi letu lilivuka kuingia Somalia, mvua ikanyesha, magari yakakwama kwenye matope. Kismayo ilichukuliwa karibu mwaka mmoja baadaye.

Kuna wanaosema nadharia ni porojo, afisa afunzwe kulenga shabaha. Wapi! Shabaha hata kuruti hufunzwa. Kamanda anayedhani vita ni hesabu yenye jibu moja atazidi kutuma vijana wa watu hata jibu likikataa kutoka.

Clausewitz alikufa kwa kipindupindu mwaka 1831, kitabu hakijaisha. Mjane wake, Marie, ndiye aliyeanza kukichapisha mwaka uliofuata.

Mama wa kuruti hana haja ya kukisoma. Anayemtuma mwanawe, lazima.