Kiatu cha Saa Tisa Usiku

Chang'ombe, Temeke,
Dar es Salaam.

Mjukuu wangu mpenzi,

Nakuarifu ya kuwa sisi huku tu wazima, bibi yako amepata nafuu ya kikohozi chake, na sina la kulalamikia ghairi ya vumbi la barabara, ambalo ni mwenzetu wa siku zote. Kilichonifanya nishike kalamu ni habari aliyonipasha mama yako, ya kwamba ulirudi kutoka shughuli ya kumuaga bi harusi huko Kinondoni hali umeshika viatu mkononi, ukichechemea hadi mlangoni, na siku ya pili yake ukaenda kazini na ndala. Mama yako alitaka nikukanye usitoke usiku. Hilo silifanyi, kwa kuwa mtu aliyekesha katika kumbi za jiji hili ujana wake wote hana uso wa kumkataza mjukuu wake kukesha, na tena babu na mjukuu ni watani, mambo ya kukanyana tumewaachia wazazi. Langu ni kukueleza namna ya kukesha, kisha ukarudi nyumbani na miguu inayokubeba.

Nionavyo mimi, maumivu yale hayakuanzia ukumbini, yalianzia dukani. Watu wengi, na wanawake aghalabu kuliko wanaume, hununua kiatu cha saa mbili usiku, yaani kiatu cha kuingilia mlangoni na kutazamwa, ilhali atakayetaabika nacho ni yule wa saa tisa, aliyekwisha kusimama, kucheza, kutunza waimbaji na kungoja usafiri barabarani, ambaye hakuna tena anayemtazama. Basi unapokwenda kununua, mnunulie huyo wa saa tisa. Usiende asubuhi, maana mguu wa asubuhi umelala usiku kucha na umesinyaa. Nenda alasiri, baada ya shughuli za mchana na joto letu hili, wakati mguu umekwisha kufura kama utakavyofura ukumbini. Pima miguu yote miwili, kwa kuwa ni nadra kulingana, na ufuate ule mkubwa. Simama wima, usipime ukiwa umekaa, na mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Muuzaji atakuapia kwamba kiatu kitatanuka. Mwache aape.

Na kwa kuwa najua hununui madukani bali kwenye mitumba ya Karume au ya Tandika, jambo ambalo silo la kuonea haya kwani huko ndiko zinakopatikana ngozi nzuri, nakuongezea hadhari moja: kiatu cha mtumba kilikwisha kumtumikia mtu mwingine, na mwendo wake umebaki ndani ya soli. Kiweke juu ya ubao ulionyooka, ukitazame kwa nyuma. Kikiinama upande mmoja, kirudishe hata kama ni cha bei ya bure, kwani kitakupinda kifundo cha mguu kwa namna kilivyopindwa na mwenyewe wa kwanza.

Usidhani wazimu wa viatu umeanza na nyinyi. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, na vijana wa Umoja wakawa wanapita mitaani kukagua mavazi ya watu. Lakini haikuchukua miaka mingi zikaja raizoni, viatu vyenye soli nene mithili ya tofali, zikavaliwa na wanaume kwa wanawake pamoja na suruali za bugaluu zilizofagia sakafu, na wala sikumbuki azimio lililoshughulika nazo. Laiti lingalikuwapo! Soli ile ilikuwa haikunjiki, mguu ukawa unakwenda kama uliofungwa gango, na ukikanyaga kando ya shimo ulikuwa huanguki toka ardhini bali toka ghorofani. Katika rika langu wamo wazee ambao vifundo vyao huwauma hata leo inapoingia masika, nao husingizia umri.

Sasa nije kwenye mchuchumio, ambao najua ndio mpenzi wako. Mguu wa mwanadamu una mifupa 26, na Mola ameipanga ili uzito wa mwili ugawanyike baina ya kisigino na sehemu ya mbele ya wayo. Ukikiinua kisigino, uzito mwingi unateremka mbele kama mchele katika gunia lililoinuliwa upande mmoja, vidole vinasongamana ncha ya kiatu, na mashina ya vidole, ambayo hayakuumbwa kwa kazi hiyo peke yao, yanaanza kuwaka moto. Juu ya hayo, shavu la mguu hubaki limejikunja usiku mzima, na mwenye kuvaa hivyo siku zote hufika mahali mshipa ule mnene wa nyuma ya kisigino ukafupika, hata akivaa kiatu cha chini akaumia. Sikuambii uutupe. Nakuambia kisigino kiwe kifupi na kipana, kiatu kiwe na ukanda wa kukishika kifundo, ncha isiwe ya kuchongoka. Na kile kirefu chembamba kiwekee usiku wa kukaa, kama vile taarabu ya mezani ambako huinuki ila kwenda kutunza na kurudi.

Maana usiku si wa namna moja, na hili nyinyi vijana hamlitii maanani. Sisi tuliolelewa na bendi ya NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964 na ambayo baada ya kubadili majina leo ndiyo Msondo Ngoma, na baadaye Mlimani Park ya mwaka 1978 na mtindo wake wa Sikinde, tulikuwa na rehema moja ndani ya muziki wenyewe: wimbo ulianza taratibu, mkaburuza miguu chini pasipo kuinyanyua sana, ndipo mwishoni ukachangamka, na baina ya nyimbo mkaketi. Singeli yenu haina kuketi. Mapigo yake hupindukia 200 kwa dakika, na mchezaji wake muda wote yu juu ya ncha za vidole, akiruka. Anayekwenda kwenye mkesha wa kigodoro cha Manzese au cha Mbagala, mahali ambapo uwanja ni mchanga na mawe, avae raba zenye soli inayokunjika penye vidole na zinazoshika kisigino, azifunge kamba barabara. Na anayefuata ngoma ya mdundiko mitaa mitano asiufuate kwa kandambili, kwa sababu vidole hulazimika kuung'ang'ania ule ukanda kila hatua, na hilo huweza kulikakamaza shavu la mguu usiku wa manane.

Kabla ya kutoka, yapo machache. Kiatu kipya kivae kwanza nyumbani jioni kadhaa, ukipikia na kufagilia, ili kama kina uadui ukijue mapema. Kucha zikate kwa kunyoosha, usizichimbe pembeni. Lengelenge huzaliwa na msuguano na jasho, kwa hiyo paka mafuta ya mgando nyuma ya kisigino na pembeni mwa vidole, au bandika plasta kabla hapajauma, wala usingoje pawe pekundu. Na ukivaa raba, chukua soksi za pili za kubadilisha. Kunywa maji kila baada ya muda. Vinywaji vingine sivitaji, ila utambue kwamba humsahaulisha mtu maumivu, na mguu usiosikia maumivu huendelea kucheza juu ya jeraha. Mkobani usikose viatu vyepesi vya chini vya kurudia nyumbani, tena vilivyofunika vidole: njia zetu za ndani zina mitaro isiyo na vifuniko na vigae vya chupa, na ukipanda bodaboda huku mguu u wazi, bomba lake la moshi halina huruma.

Ukisharudi, osha miguu kwa maji na sabuni, ikaushe hata katikati ya vidole, kisha lala ukiwa umeiinua juu ya mto. Lengelenge usilitumbue, likipasuka lenyewe, lioshe na kulifunika, ngozi yake uiache mahali pake. Ukiamka asubuhi na hatua ya kwanza ikakuchoma kisiginoni, huo ni utando wa chini ya wayo uliochoshwa, nao hutulizwa kwa kunyoosha shavu la mguu na kwa kuviringisha chupa ya maji yaliyoganda chini ya wayo, pamoja na kupumzika. Kifundo kikiteguka, kitulize kwa barafu iliyofungwa kitambaani, ukifunge na kukiinua. Walakini ukishindwa kupiga hata hatua nne, usimwite mkandaji, nenda hospitali ya Mwananyamala au njoo ya Temeke ukapigwe picha. Na shangazi yako mwenye sukari, najua ndiye mwenzio katika taarabu zote, mwambie kwa niaba yangu aitazame miguu yake kila usiku chini ya taa, juu na chini, kwani maradhi yale huua hisia za unyayo, na kidonda kidogo asichokisikia ndicho kinachokwenda kumkatisha mguu. Akikiona, asubuhi yake aende hospitali.

Jumamosi alasiri, baada ya saa kumi, njoo twende Tandika. Nimeona pale jozi mbili za ngozi nyeusi zenye kisigino kifupi, na muuzaji amenidhania sijui bei. Usimwambie bibi yako, atataka naye.

Wasalaam,
Babu yako.